Puge Iliyotangulia Tabora

Msafiri atokaye Tabora mjini kwenda Nzega, akiisha kuiacha nyuma miembe mikongwe ya mji na njia ya reli, huingia katika nchi iliyonyoka tambarare, yenye miti ya miyombo upande mmoja na mashamba ya mahindi, mtama na karanga upande wa pili. Akaenda hivyo kiasi cha kilomita 56 pasipo kukutana na mlima wala mto mkubwa wa kumjulisha kuwa amefika mahali, hata aone nyumba zimekaribiana kandokando ya lami, maduka na vibanda vimepangana, na watu wamekusanyika wakingoja mabasi. Hapo ndipo Puge. Ni kata ya Wilaya ya Nzega katika Mkoa wa Tabora, nayo ipo kati ya latitudo ya 4 na ya 5 kusini ya ikweta, jirani na mstari wa longitudo ya 33 mashariki, juu ya uwanda wa kati wa Tanzania ambao hapa umeinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wahandisi waliojenga barabara ya lami katika muongo wa 2010 waliigawa kazi yao kwa Puge, wakaifanya vipande viwili, Tabora hadi Puge kilomita 56.1, na Puge hadi Nzega kilomita 58.8, hivyo mahali hapa pamesimama karibu katikati kabisa ya miji hiyo miwili. Msomaji asiichanganye na Pugu iliyo jirani na Dar es Salaam, mashuhuri kwa shule aliyosomesha Mwalimu Nyerere, kwani baina ya Pugu na Puge mwendo wa barabara wazidi kilomita 800.

Mahali kama hapa, katika vitabu vya jiografia, aghalabu hupewa mstari mmoja tu: jina, wilaya, na idadi ya watu, kisha mwandishi akaendelea na safari yake kama waendeleavyo abiria wa basi. Nionavyo mimi, Puge yastahili zaidi ya hayo, na sababu yangu ni moja. Kabla Tabora haijawa Tabora, kabla nyumba ya kwanza ya tajiri wa misafara haijajengwa katika bonde la Kazeh, yaani Tabora ya leo, makao ya wafanya biashara wa Kiarabu katika Unyamwezi yalikuwa Puge. Na lau vita moja ya watemi wa karne ya 19 ingalikwisha kwa namna nyingine, huenda mji mkuu wa bara, na kituo kikuu cha reli, na shule, na makao ya mkoa, vingalikuwa hapo, na Tabora ndiyo ingalikuwa mstari mmoja kitabuni. Lakini ili tuelewe kwa nini watu walikuja Puge na kwa nini wakaondoka, yatupasa kwanza tuitazame ardhi na maji.

Unyamwezi umesimama juu ya jiwe la itale la kale mno, sehemu ya kiini cha bara la Afrika ambacho wataalamu wa miamba hukihesabu kuwa na umri wa miaka zaidi ya bilioni 2.5. Mvua, jua na upepo wa dahari hizo zote vimeisaga milima iliyokuwapo, hata ikabaki nchi ya mawimbi mapana: mgongo mrefu usiopanda sana, kisha bonde pana lisiloshuka sana, kisha mgongo mwingine, na hivyo hivyo hata upeo wa macho. Hapa na pale mwamba mgumu uliokataa kusagika umebaki umesimama peke yake, mawe makubwa yamepandana juu ya mawe, na mtu aliyezoea milima ya Usambara au ya Uluguru huviona vilima hivyo kuwa vidogo. Walakini kwa msafiri wa miguu vilikuwa ndizo alama za njia, maana pasipo hivyo macho hayana pa kushika.

Mgeni hudhani kwamba nchi hii yote ni moja. Mkulima wa hapa hadhani hivyo, kwa sababu anajua kuwa kutoka kilele cha mgongo hadi sakafu ya bonde atavuka namna nne au tano za udongo, na kila moja ina mazao yake na adhabu yake. Juu, karibu na mawe, udongo ni mwepesi na una changarawe. Akishuka kidogo hukuta mchanga mwekundu au wa kahawia, ufaao kwa karanga, mihogo na viazi vitamu. Chini yake huja mchanga wa kijivu, kisha ukanda wa udongo mgumu usiopitisha maji upesi. Na mwisho, katika sakafu ya bonde, ndiyo mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ambao masika huvimba na kunata hata gari likazama, na kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kuingiza mkono mzima. Mfuatano huu hujirudia kila mteremko. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, alipouchunguza katika safari zake za miaka ya 1930 alitoa hoja kwamba udongo wa mteremko mmoja usomwe pamoja kama pete za mnyororo mmoja, kwa kuwa maji yatokayo juu ndiyo yanayoutengeneza wa chini; na hoja hiyo, iliyozaliwa katika nchi za Afrika ya Mashariki zenye sura kama ya Puge, leo hufundishwa katika vyuo vya ulimwengu mzima. Ni haki kusema kwamba wakulima walikuwa wameuelewa mnyororo huo zamani kabla ya mtaalamu kufika, maana wao na mababu zao walikuwa wakipanda kwa kuufuata, na kila pete wameipa jina lake katika lugha yao.

Kutokana na udongo huo hupatikana chakula cha nchi. Mahindi na mtama ni ngome ya kaya. Karanga na alizeti hutoa mafuta na fedha. Pamba hulimwa zaidi kuelekea kaskazini, na tumbaku zaidi kuelekea kusini na magharibi ya mkoa, na Puge imekaa mahali ambapo tabia hizo mbili za kilimo hukaribiana. Viazi vitamu hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa, na akiba hiyo imewaokoa watu katika miaka mingi ambayo mvua ilikatika kabla ya wakati wake. Mbuga nayo, ambayo zamani iliachiwa ng'ombe na ndege, leo imegawanywa katika majaruba ya mpunga, yaani vipande vilivyozungushiwa kingo za udongo ili maji yasikimbie. Mpunga ambao hapo zamani ulistawishwa na watu wa pwani na Waarabu kandokando ya makao yao, sasa ni zao la kila mtu mwenye bonde.

Mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, na jumla yake kwa mwaka mara nyingi huwa baina ya milimita 700 na 1,000. Kiasi hicho si haba. Nchi nyingi duniani hula vizuri kwa kiasi cha chini ya hapo. Shida yake ni kwamba chote huja katika miezi sita, kisha hufuata miezi sita ya ukavu usio na hata tone, ambamo majani huwa kama karatasi, na joto huzidi mwezi wa Oktoba mawingu yanapoanza kujikusanya bila ya kumwaga kitu. Na juu ya hayo, nchi hii imekaa mahali ambapo maji hayakai. Wilaya za Nzega na Tabora zipo juu ya mgongo wa maji wa Afrika, na kama paa la nyumba ligawavyo mvua moja kwa michirizi ya pande mbalimbali, ndivyo ardhi hii inavyoyagawa maji yake: yaelekeayo mashariki huingia Manonga na Wembere, yakapita Ziwa Kitangiri, yakaishia Ziwa Eyasi lisilo na mlango wa kutokea, yaelekeayo magharibi huingia Igombe, kisha Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, kisha mto Kongo hata Bahari ya Atlantiki, na ukiendelea kaskazini, kupita Shinyanga, huanza maji yaendayo Ziwa Viktoria na Nile. Nchi iliyo juu ya mgongo wa namna hiyo haiwezi kuwa na mto mkubwa, maana kila mto hapo ndio kwanza unazaliwa. Vijito vyake hujaa kwa majuma machache kisha vikabaki mchanga mtupu. Kwa hiyo tangu kale mwenye kisima ndiye mwenye nchi, na mahali ambapo maji ya chini hufikiwa kwa kuchimba kina kidogo palikuwa na thamani kuliko dhahabu iliyolala katika miamba ya Nzega.

Hapa yafaa nilitaje jambo la siku zetu, kwa kuwa ni kubwa na halisemwi inavyostahili. Maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa Ihelele katika Wilaya ya Misungwi, yalifikishwa kwanza Shinyanga na Kahama mwaka 2009, kisha bomba likaendelezwa hata Nzega, Igunga na Tabora, na kufikia mwaka 2021 mji wa Tabora ulikuwa ukinywa maji ya ziwa. Ziwa lenyewe lipo kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, chini kuliko uwanda huu, kwa hiyo maji hupandishwa kwa mashine kinyume cha maumbile. Fikiri, basi: maji ambayo kwa desturi yake yangalikwenda Jinja, Khartoum na Kairo, leo huchotwa Tabora, na tone lake limwagikalo katika bonde la Igombe hushika njia ya Kongo. Mwanadamu ameuvuka mgongo wa maji wa Afrika kwa bomba, na jambo hilo limefanyika katika nchi ambayo babu zetu waliokuwa wapagazi walihesabu safari zao kwa visima.

Tugeukie sasa habari za wapagazi hao. Wanyamwezi walikuwa wasafiri kabla ya kufikiwa na msafiri yeyote kutoka ng'ambo: walibeba chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa nchi za kaskazini na magharibi, ngozi, nafaka na asali, na mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamekwisha kuifikia pwani wenyewe, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Njia iliyokuja kujulikana kuwa ni ya misafara, kutoka pwani ya Mrima kupitia Usagara na Ugogo hata Unyamwezi, waliitambulisha wao; Waarabu na Waswahili waliifuata kwa kurudi nyuma, kutoka pwani kuelekea kwenye chimbuko la pembe, kuanzia miaka ya 1830 hivi, zama za Seyyid Said alipokuwa akiimarisha dola yake Unguja. Pembe zilitakiwa Bombay kwa bangili, na Ulaya na Marekani kwa vinanda na mipira ya biliadi. Na kutoka huko zilirudi nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kila mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Na pamoja na pembe walishushwa pwani watu waliotekwa na kuuzwa, dhuluma ambayo hakuna uzuri wowote wa hadithi za misafara unaoweza kuifuta.

Biashara ya masafa kama hayo haiwezi kuendeshwa na mtu aliyekaa Unguja peke yake. Ilihitaji kituo bara, penye ghala la nguo na pembe, chakula cha kutosha wapagazi mia kadhaa, maji ya kiangazi, na zaidi ya yote mtemi mwenye kukubali wageni. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unyamwezi pamoja na John Hanning Speke mwaka 1857, ameandika katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1860 kwamba makao ya Waarabu kabla ya Kazeh yalikuwa Puge. Sababu za kuchagua Puge hazihitaji kuelezwa kwa mtu aitazamaye ramani: ipo kaskazini ya Unyanyembe, nchi iliyo na Tabora ya leo, mlangoni pa Usukuma wenye ng'ombe na nafaka nyingi, na katika mwelekeo wa njia za kwenda ziwani na Karagwe, na mtu akaaye hapo huwa amejisogeza siku kadhaa karibu na pembe za kaskazini kuliko akaaye kusini.

Kilichowaondoa hakikuwa njaa wala ukosefu wa maji. Mpagamo, mtemi wa Kigandu, alikuwa na uadui na mtemi mshindani wake, jina lake Msimbira. Na matajiri wa Puge, badala ya kukaa kando kama wageni wanavyopaswa, waliingia upande wa Mpagamo kwa bunduki zao. Waliokuwa mstari wa mbele ni Snay bin Amir el-Harthi, Mwarabu wa ukoo mashuhuri wa Oman, na Musa Mzuri, Mhindi wa Surat aliyekuwa miongoni mwa wafanya biashara wa kwanza wa bara. Msimbira akashinda. Waliokuwa wakidhani kwamba baruti ndiyo hoja ya mwisho walijikuta wanafungasha, wakaiacha Puge, wakaelekea kusini kwa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na karibu na mwaka 1852 wakaanza kujenga Kazeh, mahali ambapo Burton asema palikuwa pori tupu. Wakajenga matembe, wakachimba visima, na katika muda wa miaka michache pakawa soko linalojulikana kutoka Muscat hata Katanga. Huo ndio mwanzo wa Tabora.

Nataka msomaji aone jinsi jambo hilo lilivyokuwa dogo kwa hesabu na kubwa kwa athari. Waarabu waliokaa Kazeh wakati wa Burton hawakuzidi 25 aghalabu. Waliokuwa Puge huenda hawakuwa kundi kubwa kuliko hilo. Watu wachache wenye maghala na watumwa wao walihama kutoka nchi moja ya Kinyamwezi hadi nyingine, umbali ambao leo basi huumaliza kwa saa moja, na kwa kuhama kwao njia kuu ya Afrika ya kati ikapinda. Misafara ya Ujiji, ya Karagwe, ya Ufipa na ya Katanga ikagawanyikia Kazeh. Baba yake Tippu Tip, yule tajiri mashuhuri wa misafara, jina lake Muhammed bin Juma, akamwoa Karunde binti Fundikira, na ujamaa huo ukawa ndio mkataba wa nchi na biashara. Na wasafiri Stanley na Livingstone walipokaa Kwihara, kando ya Kazeh, miaka ya 1871 na 1872, walikaa jirani na mji ambao umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 20 tu. Fundikira hakuwatoza matajiri wa Kazeh ushuru. Mrithi wake Mnywa Sele alipotaka kuwatoza, wakafanya tena lile walilolifanya Puge, wakaingia katika ugomvi wa utemi wakamweka Mkasiwa badala yake. Safari hii hawakufukuzwa, walakini Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo, na nchi ya Unyanyembe haikupata utulivu kamili hata mtemi Isike alipojilipua ndani ya boma lake mbele ya Wadachi mwezi wa Januari 1893.

Puge ilibaki kandokando ya mambo hayo, lakini haikuwa mbali nayo. Speke, alipomwacha Burton mgonjwa Kazeh mwezi wa Julai 1858, alikwenda kaskazini kwa kukata nchi hizi hizi za watemi wadogo wadogo, na tarehe 3 Agosti akaliona lile ziwa aliloliita Viktoria. Yeyote aliyetaka kwenda ziwani kutoka Unyanyembe alipitia upande huo, maana ardhi yenyewe, kwa migongo yake mirefu isiyo na mito ya kuvuka, ndiyo iliyoichora njia.

Mtu atakayekwenda Puge leo akitarajia magofu kama ya Kilwa au ya Gede ajue kwamba nchi hii haijengi kwa matumbawe. Katika karne ya 19 jina kama Puge lilikuwa la nchi nzima yenye vijiji vingi, na moyo wake ulikuwa ikulu ya mtemi, ambayo kwa desturi ilihamishwa akitawala mtemi mpya. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, na mchwa wa Unyamwezi humaliza nguzo katika miaka michache. Vita vilipozidi, zama za mtemi Mirambo na rugaruga, yaani askari wa vita wa watemi, watu walijikusanya ndani ya maboma yaliyozungushiwa minyaa na magogo. Vita vilipokoma chini ya utawala wa kikoloni, wakatawanyika tena, kila kaya na shamba lake, na majirani wakaitana kwa sauti juu ya mtama. Sotoka iliyoua ng'ombe miaka ya 1890 ilikuwa imewapokonya watu nguvu ya kuilinda nchi iliyolimwa, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja na pori. Ikawa kazi ya miaka mingi ya utawala wa Waingereza kufyeka miti na kuwasogeza watu pamoja ili malale yasiwamalize. Kisha, baina ya mwaka 1973 na 1976, serikali ya Tanzania iliamuru watu wote wa mashamba wakae katika vijiji, na safu za nyumba zikapangwa kandokando ya barabara, ndizo anazoziona leo msafiri. Kwa hiyo kijiji kinachoonekana kuwa cha tangu zamani, kwa sura yake ya sasa, kina umri wa nusu karne tu, ilhali jina lake limepita karne na nusu katika maandishi.

Reli nayo ilikuwa na hukumu yake. Njia ya kati kutoka Dar es Salaam iliingia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikithibitisha kwa chuma kile ambacho kushindwa kwa matajiri wa Puge kulikwisha kukianzisha. Na tawi la kwenda Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, lilipita magharibi ya Puge, likaipa Bukene stesheni na soko. Wamisionari wa Kikatoliki, White Fathers, walikuwa wamekwisha kujenga Ndala, jirani na hapa, tangu mwishoni mwa karne ya 19, na huko ndiko ilikosimama hospitali na baadaye chuo cha ualimu. Puge ilibakiwa na barabara ya udongo, ambayo masika mbuga zake ziliwazuia madereva wa malori kwa siku nzima nzima. Na hapo ndipo ilipostahili kuitwa ya mbali, si kwa masafa, maana masafa hayakubadilika, bali kwa kuwa njia ilikuwa imewapeleka watu kwingine. Lami ilipofika, mambo yakageuka tena. Magari yatokayo Mwanza na Shinyanga kwenda Tabora, Sikonge na Mpanda hupita hapa usiku na mchana, na Nzega iliyo mbele yake ni njia panda ambamo malori ya Dar es Salaam hupita kwenda Kahama, Rwanda na Burundi. Mkoa wa Tabora, uliokuwa na watu 2,291,623 katika sensa ya mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 3,391,679 mwaka 2022. Na vituo vya barabarani kama Puge ndivyo vinavyopokea sehemu ya ongezeko hilo.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO pendekezo la kuitambua njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe kuwa urithi wa ulimwengu, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo ni njema, lakini inaionesha njia kama mstari mmoja ulionyooka kutoka bahari hadi ziwa, na inaanza habari za Unyamwezi pale ambapo matajiri walikuwa wamekwisha kuhama. Puge ikiongezwa, msomaji wa historia ataona kwamba vituo vilichaguliwa, vikapiganiwa, vikaachwa, na kwamba mtemi wa bara mwenye mishale na wapiganaji wake aliweza kuwaambia wenye bunduki waondoke, wakaondoka. Hilo ni jambo ambalo watoto wa shule za Puge na za Nzega wangalipaswa kulisoma katika somo la historia kabla ya kusoma safari za Speke.

Ushahidi wa ardhini haupotei wote. Nyumba za udongo huyeyuka, lakini shanga za kioo, vipande vya vyungu vya kigeni na risasi haviyeyuki, na kisima kilichochimbwa na watu wengi huacha shimo na miti iliyoota kandokando yake. Idara ya Mambo ya Kale na idara za akiolojia za vyuo vyetu vikuu zina watu wanaojua kuyatafuta hayo, na wazee wa kata wanajua mahali palipokuwa na maboma na palipozikwa watemi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi: yahitaji ramani nzuri, ruhusa ya vijiji, na mwezi mmoja wa kiangazi, baada ya mavuno ya mpunga na kabla ya Novemba, maana mvua zikianza mbuga hujifunga, na mtafiti aliyechelewa itambidi angoje mwaka wa pili.